Mwongozo kamili wa kusomea ualimu wa chekechea: kuanzia maombi hadi leseni

Wengi wanaotaka kuwa walimu wa chekechea huanza na swali la chuo: kipi kizuri, kozi inachukua muda gani, cheti chake kinakubalika wapi. Nitayajibu yote hayo. Lakini kuna jambo moja ningependa uwe nalo tangu mwanzo, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuchagua chuo, kufaulu mazoezi na hata kupita kwenye usaili. Kazi hii inasimama juu ya uwezo wa kumtazama mtoto kwa makini na kuamua papo hapo umfanyie nini. Kwa hiyo chuo kinachokupa muda mrefu na watoto, pamoja na mtu mzoefu wa kukusahihisha, nakiweka mbele ya chuo chenye majengo ya kuvutia.

Ninazungumzia mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi umri wa kuanza darasa la kwanza. Kila nchi ina sheria zake za vyeti na usajili, ila njia yenyewe inafanana karibu kila mahali, na maswali ya kuuliza ni yale yale.

Hatua ya kwanza: iangalie kazi kabla ya kuomba nafasi

Omba ruhusa kwenye shule ya awali ukae darasani siku kadhaa, kutwa nzima, kuanzia watoto wanapopokelewa hadi wa mwisho anapochukuliwa. Saa moja ya asubuhi haitoshi, maana asubuhi watoto huwa wachangamfu na mwalimu ana nguvu. Baki hadi mchana, watoto wakishachoka.

Tazama vitu vitatu. Mwalimu anafanya nini watoto wawili wanapolia kwa wakati mmoja? Anawatoaje watoto kwenye mchezo kwenda kunawa mikono bila vurugu? Na wakati wanacheza wenyewe, yeye yuko wapi: ameketi mezani na simu, au yuko chini mkekani anasikiliza? Utagundua pia kwamba kazi hii ina uzito wa mwili. Unainama, unachuchumaa, unambeba anayelia, unambadilisha aliyejikojolea, na unarudia maelekezo yale yale kwa sauti ya upole. Kupenda watoto kunakuleta mlangoni. Kinachokubakisha ndani ni uvumilivu wa kurudia jambo bila kukasirika.

Andika ulichokiona kila siku. Maandishi hayo yatakufaa kwenye barua ya maombi, na baadaye utayatumia kulinganisha.

Hatua ya pili: zijue ngazi za sifa, kisha kihakiki chuo

Milango ya kuingilia kwa kawaida ni mitatu. Cheti mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili na humwezesha mtu kuwa mwalimu msaidizi, na katika baadhi ya nchi mwalimu kamili wa darasa la awali. Stashahada huchukua miaka 2 au 3. Shahada huchukua miaka 3 au 4 na ndiyo inayofungua njia ya ukuu wa shule, ukaguzi wa elimu au kufundisha vyuoni. Kuna pia njia ya kusoma ukiwa kazini, hasa kwa wasaidizi walio tayari madarasani. Ikiwa una mzigo wa familia, usiidharau njia hiyo: unachosoma jioni unakijaribu kesho yake asubuhi.

Sehemu ya uhakiki ndiyo inayoumiza watu, kwa hiyo ifanye kwa mpangilio. Kwanza thibitisha kwamba chuo kimesajiliwa. Pili, thibitisha kwamba kozi yenyewe ya elimu ya awali imeidhinishwa, kwani chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi moja ikiwa haina kibali. Tatu, uliza mamlaka inayosajili walimu kama mhitimu wa kozi hiyo anasajiliwa kuwa mwalimu wa awali. Jibu la tatu litoke kwa mamlaka yenyewe. Kipeperushi cha chuo hakitoshi, na neno la mdomo la ofisa wa udahili halitoshi pia.

Ukisharidhika na uhalali, uliza chuo kuhusu mazoezi. Yana wiki ngapi kwa jumla, na yamegawanywa mara ngapi? Mkufunzi atakuja kukutazama mara ngapi? Utawekwa na watoto wa umri tofauti, au darasa moja tu? Chuo makini hujibu maswali haya bila kusita. Kozi ya masafa inaweza kuwa nzuri kabisa kwa nadharia, ila kama haina mazoezi yanayosimamiwa ana kwa ana, iache.

Mwalimu wa msingi anayetaka kuhamia awali asidhani cheti chake kinamtosha. Nchi nyingi hudai kozi ya nyongeza, na kuna sababu nzuri: mtoto wa miaka 4 hafundishwi kama wa miaka 9 aliyepunguzwa kimo.

Hatua ya tatu: maombi

Hapa hakuna siri. Andaa vyeti vya masomo, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, picha, barua za wadhamini wawili, na pale inapodaiwa, cheti cha polisi cha tabia njema pamoja na cheti cha afya. Hivi viwili vya mwisho huchelewa, kwa hiyo viombe mapema.

Barua ya maombi ndiyo itakayokutofautisha na wenzako. Sentensi kama "napenda sana watoto tangu utotoni" wameisoma mara nyingi. Eleza tukio moja ulilolishuhudia katika hatua ya kwanza, mwalimu alifanya nini, na wewe ulijifunza nini. Aya moja ya namna hiyo inawaonyesha kwamba unaijua kazi unayoiomba.

Hatua ya nne: masomo ya chuoni

Utasoma ukuaji wa mtoto, lugha na kusoma kwa awali, hisabati ya awali, sanaa na muziki, afya na lishe, elimu jumuishi, na ushirikiano na wazazi. Kuna pia historia ya fani. Friedrich Froebel alifungua kituo chake huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina la bustani ya watoto. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Usiwasome hawa kwa ajili ya mtihani tu. Mbao za maumbo na zana za kushikwa mkononi unazoziona madarasani leo zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi yao, na ukijua ziliundwa kwa lengo gani utazitumia vizuri zaidi.

Somo la kulipa uzito kuliko yote ni ukuaji wa mtoto. Mwanasaikolojia Jean Piaget alieleza kwamba kati ya takriban miaka 2 na 7 mtoto hufikiri kwa kufuata kile macho yake yanachoona. Lijaribu mwenyewe: mimina maji sawa kwenye bilauri mbili zinazofanana, mtoto akubali kuwa ni sawa. Kisha mimina moja kwenye chombo chembamba na kirefu mbele ya macho yake, umuulize wapi kuna maji mengi. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida atakuonyesha kile kirefu, bila wasiwasi wowote. Ukishaliona hilo kwa macho yako, utaacha kumlaumu mtoto kwa kutojua hesabu ambayo akili yake bado haijaifikia.

Mwanasaikolojia mwingine, Lev Vygotsky, ana wazo litakalokusaidia kila siku: kuna jambo ambalo mtoto analiweza peke yake, na kuna lile analoliweza akishikwa mkono kidogo. Mafundisho yako yalenge pale katikati. Na kwenye mchezo, soma ngazi alizozieleza Mildred Parten, mtafiti wa michezo ya watoto, mwaka 1932: kucheza peke yake, kutazama wengine, kucheza sambamba bila kushirikiana, kucheza kwa kuchangia vifaa, na hatimaye kucheza kwa ushirikiano wenye kanuni. Ukizijua, huwezi kumwita mtoto wa miaka 3 "mbinafsi" kwa sababu tu anacheza sambamba na mwenzake.

Kwa nini nchi zinasisitiza sifa za mwalimu wa awali? Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa shule ya awali ya Perry, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, kati ya 1962 na 1967. Ulihusisha watoto 123 wa familia maskini, ambapo 58 walipata masomo ya awali na waliobaki hawakupata. Walimu walikuwa na sifa rasmi na walitembelea nyumba za watoto kila wiki. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliosoma awali walikuwa na hali bora ya masomo na kipato, na makosa machache ya jinai. Soma maelezo yake ukiwa chuoni, hasa sehemu ya walimu na ziara za nyumbani. Matokeo yale yalipatikana na watu waliofundishwa vizuri, wenye watoto wachache kwa kila mwalimu.

Hatua ya tano: mazoezi ya kufundisha

Hapa ndipo mwalimu anapozaliwa, na hapa nitakaa zaidi.

Wiki ya kwanza ya mazoezi, kazi yako kuu ni kutazama na kuandika. Andika unachokiona na kukisikia tu, pamoja na saa. Tumia herufi badala ya jina ili kulinda faragha ya mtoto. Mfano:

"Saa 3:10 asubuhi. N., miaka 4, yuko kona ya bloku peke yake. Anasimamisha bloku nne. Ya tano inaanguka. Anasema 'tena'. Anachukua bloku pana, anailaza chini, anapanga upya juu yake. T. anakuja na kuchukua bloku moja. N. anausukuma mkono wake, anasema 'yangu'. T. anakaa pembeni na kujenga wake. Saa 3:16, N. anampa T. bloku mbili."

Mwanachuo mwingine angeandika "N. ni mchoyo", na hapo angekuwa amefunga mlango. Soma tena yale maelezo uone yamebeba nini. N. alitatua tatizo la mnara kwa kupanua msingi bila kuambiwa. Alilinda vifaa vyake, kisha ndani ya dakika chache akavigawa mwenyewe. Alitumia neno moja moja, jambo ambalo kwa umri wake linastahili kufuatiliwa: msikilize kwenye kona ya kuigiza na wakati wa kula kabla ya kuhitimisha chochote. Kesho yake unaweza kuweka pale maboksi mapana na membamba, ukaketi karibu na kuuliza, "Kwa nini hili umeliweka chini?" Kutoka kutazama, hadi kutafsiri, hadi kupanga hatua inayofuata: huo ndio mzunguko ambao mkufunzi atautafuta kwenye faili lako, na ndio utakaoutumia miaka yote ya kazi.

Baada ya hapo unaanza kupanga vipindi. Andalio la somo la chekechea liwe na lengo moja linaloonekana kwa macho. "Mtoto aelewe vipimo" halipimiki. "Mtoto aweze kupanga vijiti vitano kuanzia kifupi hadi kirefu" linapimika. Kisha andika vifaa na idadi yake. Hesabu kweli: watoto 20 katika vikundi vya wanne wanahitaji seti tano, na ukipeleka mbili, vikundi vitatu vitakaa bila kazi na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Andika utampa nini anayemaliza mapema, kwa mfano kijiti cha sita akitafutie nafasi yake katikati. Andika pia utamsaidiaje anayeshindwa: mpe vijiti vitatu vyenye tofauti kubwa ya urefu. Kwa watoto wa miaka 3 na 4, maelezo ya darasa zima yasizidi dakika kumi hivi. Muda uliobaki ni wa mikono yao.

Usikimbilie kalamu. Mtoto huweza kunakili duara akiwa na takriban miaka 3, msalaba akifika 4, na pembetatu karibu na 5. Misuli midogo ya vidole hukomaa kwa udongo wa kufinyanga, kupasua karatasi, kutunga shanga kubwa na kumimina maji. Wazazi watakuuliza kwa nini mtoto wao haandiki bado, na majibu haya utayahitaji. Waonyeshe michoro yake ya mwezi uliopita na ya sasa, waone mkono unavyozidi kuimarika.

Sasa nyakati za mpito, ambazo hazipewi nafasi ya kutosha vyuoni. Somo linaweza kwenda vizuri, kisha kila kitu kikaharibika watoto 20 wanapopanga mstari mbele ya bomba moja. Toa taarifa kabla: "Wimbo ukiisha, tunaweka bloku sandukuni." Waite kwa vikundi vidogo, mfano wenye nguo zenye rangi nyekundu kwanza. Wanaosubiri wape la kufanya, wimbo wa vidole au kitendawili. Mwalimu mmoja akiwa bombani, mwingine abaki na kundi. Mkitoka nje au kurudi ndani, hesabu watoto kwa kuwagusa bega, kila mara.

Kuhusu mpangilio wa siku, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka 3 na 4 wapate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu zaidi, walale saa 10 hadi 13 ukijumlisha usingizi wa mchana, na wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Liweke hilo kando ya ratiba yako uone watoto wako wanakaa vitini muda gani.

Mkufunzi akija kukutazama, usifanye somo la maonyesho ambalo watoto hawajawahi kuliona. Watakuumbua kwa unyoofu wao. Fanya kazi yako ya kawaida, kisha baada ya kipindi uwe wa kwanza kusema kipi hakikwenda na ungebadilisha nini. Wakufunzi wengi wanakipa uzito mkubwa kipengele hicho. Maoni yake yaandike neno kwa neno, na kwenye andalio linalofuata onyesha wazi ulichobadilisha.

Mheshimu pia mwalimu mwenye darasa. Yeye anawajua watoto kuliko wewe. Ukiona jambo linalokukwaza, muulize faraghani, kwa adabu, usilisemee mbele ya watoto wala wazazi.

Hatua ya sita: usalama, huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto

Chukua mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto hata kama chuo hakiyalazimishi, na uyachukue kwa vitendo ukitumia sanamu la mazoezi. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akipaliwa na kushindwa kukohoa, utafundishwa kumpiga mapigo 5 ya mgongoni kati ya mabega, na yasiposaidia, misukumo 5 ya tumboni, ukirudia huku msaada ukiitwa. Akipoteza fahamu na hapumui, ni mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono yako inapaswa kuwa imeshafanya hivyo kwenye sanamu kabla ya siku ya kuhitajika. Fanya marudio kila cheti kinapoisha muda wake.

Ulinzi wa mtoto una uzito huo huo. Mtoto akikwambia jambo linaloashiria kwamba anaumizwa, msikilize kwa utulivu. Usimwahidi kuwa itabaki siri. Usimchimbe kwa maswali yanayomwekea majibu mdomoni. Mwambie amefanya vyema kusema. Siku hiyo hiyo andika maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe na saa, kisha ripoti kwa mhusika aliyeteuliwa na shule au kwa mamlaka ya ustawi wa watoto. Uchunguzi ni wa wenye kazi hiyo. Wajibu wako ni kusikia na kufikisha. Kabla hujaanza mazoezi, muulize mkuu wa shule: mhusika huyo ni nani, na asipokuwepo nimwendee nani?

Hatua ya saba: faili na tathmini ya mwisho

Wanaohangaika mwishoni ni wale walioacha faili hadi wiki ya mwisho. Anza siku ya kwanza. Weka maandalio yako yakiwa na masahihisho, maelezo ya kutazama watoto, picha za zana ulizotengeneza, kazi za watoto zilizopata ruhusa ya wazazi, na tafakari fupi ya kila wiki. Kazi tatu za mtoto mmoja, za mwanzo, katikati na mwisho wa muhula, zikiambatana na maelezo yako, zina nguvu kuliko rundo la picha za ukuta uliopambwa.

Kwenye mtihani wa nadharia, jibu kwa mfano wa darasani kila unapoweza. Ukiulizwa umuhimu wa mchezo, mweleze N. na mnara wake.

Hatua ya nane: usajili na leseni

Cheti cha chuo kinaonyesha umesoma. Ruhusa ya kufundisha hutolewa na mamlaka ya walimu, na katika nchi nyingi ni hatua inayojitegemea. Kwa kawaida utawasilisha vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, matokeo, kitambulisho, cheti cha tabia njema na ada. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye hati zote. Herufi moja ikitofautiana inaweza kukwamisha maombi, na kurekebisha mapema ni rahisi kuliko baada ya kuajiriwa. Baadhi ya nchi zina mtihani wa leseni, au kipindi cha majaribio chini ya mwalimu mzoefu. Aliyesomea nje ya nchi aanze na tathmini ya ulinganifu wa vyeti kabla ya kuomba kazi.

Hatua ya tisa: usaili na mwaka wa kwanza

Shule nzuri itakutaka uendeshe kipindi kifupi na watoto. Chagua jambo dogo unalolimudu: hadithi yenye vifaa, wimbo wenye vitendo, kupanga vitu kwa ukubwa. Shuka hadi usawa wa macho yao, jitambulishe, na uulize maswali yanayohitaji mawazo, kama "Unadhani kitatokea nini?" Nawe uliza: darasa lina watoto wangapi kwa mwalimu, kuna msaidizi, nani atanilea mwaka huu wa kwanza? Shule inayokupa darasa kubwa peke yako bila mlezi itakuchosha kabla hujakomaa, hata mshahara ukiwa mzuri.

Wiki za mwanzo jenga mazoea ya siku kabla ya masomo: mahali pa begi, namna ya kuomba kwenda chooni, nini kinafuata baada ya mchezo. Jifunze kutamka jina la kila mtoto kama wazazi wake wanavyolitamka. Kwa mzazi, anza na habari njema ya kweli kuhusu mwanawe kabla ya siku utakayolazimika kumpa ngumu.

Leseni nyingi huhuishwa baada ya muda, kwa ushahidi wa mafunzo kazini. Kila unapohudhuria semina au kozi fupi, omba cheti au barua siku hiyo hiyo, andika tarehe na idadi ya saa, na uviweke kwenye faili moja pamoja na cheti cha huduma ya kwanza. Tia alama kwenye kalenda miezi sita kabla ya leseni kuisha, upate muda wa kuziba saa zinazopungua.